Buibui Ukweni

Mimi ni fundi friji na nina hasira za karibu. Mke wangu atakwambia hilo kabla hajakukaribisha kiti. Ndiyo maana siku aliponikuta kibarazani nimeinamia simu, kimya, chai imepoa pembeni na sijagombana na mtu yeyote tangu asubuhi, alijua nina langu jambo. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nataka kufuga. Akauliza, kuku tena? Nikamgeuzia simu aone. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa ni nani kanichezea.

Sikumlaumu. Picha ile ilikuwa ya buibui, na si hawa wembamba wa kwenye pembe za dari. Ni wale wakubwa wa mashimoni, wenye miguu minene yenye manyoya, ambao wenzetu wa nje huwaita tarantula, na sisi huku Kusini tukimwona mmoja tunatafuta jembe au kandambili. Mke wangu alisubiri niseme natania. Sikuwa natania.

Lilianzia Kilambo. Mwenye duka mmoja kule kando ya Ruvuma alikuwa na friji la soda linalonguruma mchana kutwa bila kupoza kitu, akaniita. Nikapakia vifaa kwenye pikipiki, nikaenda, nikafika, na umeme ukakatika kabla sijafungua skrubu ya kwanza. Nikatoka nje nimenuna. Nikashuka kwa miguu upande wa mtoni, nikakaa kwenye ukingo wa udongo mwekundu nikiulaani umeme, na friji, na barabara iliyonileta. Karibu na kiatu changu kulikuwa na tundu. Duara lake lilikuwa safi hata nikadhani mtu amechomeka bomba. Pembezoni mwake palizungushiwa uzi mweupe, mwembamba, umelazwa vizuri kama pindo la kofia.

Panzi akatua. Nasema akatua kwa sababu hiyo ndiyo habari yake yote. Sikuona kitu kikitoka. Niliona panzi yupo, kisha panzi hayupo, na mdomoni mwa tundu pana miguu ya rangi ya majivu, imetulia tuli, utadhani ilikuwepo hapo siku zote. Kisha mwenyewe akasogea kidogo kwenye mwanga, panzi yuko kinywani, nikauona mgongo wake. Katikati ya mgongo palikuwa na pembe. Pembe, asikwambie mtu. Ndogo, nyeusi, imeinamia nyuma. Mwili ulinisisimka kuanzia kisogoni. Nikasema Subhanallah kwa sauti, peke yangu, na bisibisi mkononi.

Mimi ni mzaliwa wa Nanyamba, nimekulia chini ya mikorosho. Kabla korosho hazijaanza kudondoka tunafagia chini ya kila mti mpaka udongo ung'ae, na matundu kama yale tunayafukia kwa mguu huku tukipiga soga. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza mle ndani anaishi nani. Umeme uliporudi nilitengeneza friji la watu ovyo ovyo, ikabidi niahidi kurudi kulimalizia, maana akili yangu ilibaki kwenye tundu.

Sasa, kufuga si kutaka tu. Nyumba ninayoishi ni ya mama mkwe wangu. Iko Mikindani, ya mawe, ya zamani, kuta nene zenye nyufa. Kwetu Wamakonde mwanamume kuhamia kwa mke si aibu, na mimi nilihamia pale na begi la nguo na sanduku la vifaa. Mama mkwe, mjane, anakaa chumba cha mbele. Sisi tunakaa vyumba vya nyuma, vinavyotazama uani.

Na mkwe ana heshima zake. Mama mkwe hatazamwi usoni, hakai meza moja na mume wa binti yake, na chumba chake mwanamume huyo hakikanyagi hata nyumba ikiungua. Atamwagia maji dirishani. Vijana wa sasa wanakaa kochi moja na wakwe zao wanatazama tamthilia, na hongera zao. Mimi nililelewa hivyo, na yeye, mtu wa pwani mwenye adabu za kwao, alilipokea hilo akaliongezea na la kwake. Zaidi ya shikamoo na marahaba hatukuwa na neno. Alichotaka kuniambia alimwambia binti yake, hata kama mimi nimesimama pale pale: mwambie mumeo bomba linavuja. Nami nilimjibu mke wangu: mwambie Mama nitalitengeneza. Tuliishi hivyo miaka na miaka, kwa amani kabisa.

Basi ombi la buibui lilipita njia hiyo hiyo. Mke wangu alikataa kulibeba, akasema yeye si tarishi wa mashetani. Nikambembeleza, nikanuna, nikambembeleza tena. Mwishowe akaenda, na kwa kunikomoa akasema kila kitu: ukubwa, manyoya, pembe, sumu. Siku zikapita mpaka tukadhani suala limekufa. Jibu lilikuja siku moja akiwa uani anachambua mchele.

"Mwambie mumeo alete," alisema. "Buibui hauawi. Lakini siku nikimwona nje ya nyumba yake, nawaita kuku."

Hauawi kwa sababu ya yule wa pangoni, aliyemsitiri Mtume kwa utando wake. Hilo kila mtoto wa madrasa analijua. Ila kuku hawajapita madrasa. Kuku wa mama mkwe, nakwambia, hawachagui. Nimewaona wakigombania nge. Kwa hiyo masharti niliyaelewa vizuri: nikikosea nyumba, buibui amekwisha. Kila nilichofanya baada ya hapo nilikifanya huku nikiwasikia wale kuku wakiparura uani.

Nyumba yenyewe nikaijenga kwa vioo vya rafu za friji. Kwenye kibanda changu mjini Mtwara zimelundikana friji zilizokufa, na vioo vyake ni vinene, kingo zake laini. Nikaviunganisha kwa silikoni, nikaiacha juani mpaka harufu ikaisha kabisa, maana niliambiwa harufu ile inamdhuru. Waliniambia watu wa kwenye simu, wafugaji wa nchi za mbali, ambao nilikuwa nawaandikia kwa Kiingereza changu cha kwenye vitabu vya friji. Walinivumilia. Wakanifundisha kwamba jike huishi miaka mingi, pengine kumzidi mbwa, na dume akishakomaa hutoka kwenda kutafuta mke na maisha yake hayafiki mbali. Wakaniambia hawa wa Afrika hawashikwi mkononi. Hawana subira, wakiudhiwa huinua miguu ya mbele na kuonyesha meno, na wakikuuma hufi, lakini utatamani. Nikasema basi huyu ni ndugu yangu, tutaelewana.

Wakasema pia udongo uwe wa kina, kwa kuwa atachimba, na niuchanganye na chenga za makumbi ya nazi. Wenzetu hao wanazinunua dukani, zimefungwa kwenye pakiti. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuchungulia. Makumbi! Sisi tunawashia moto. Nikakaa uani Jumapili nzima nayaponda kwa nyundo juu ya jiwe, vumbi limenijaa kwenye nyusi, na bila kugeuka nilijua kwamba dirisha la chumba cha mbele limefunguliwa kidogo na mtu ananitazama. Dirisha lilibaki wazi mpaka nikamaliza.

Maji yake yatakaa kwenye kifuniko cha soda. Chakula ni nyenje na panzi. Mende wa nyumbani nilisema asipewe kwanza, na dawa ya kupulizia wadudu nikaipiga marufuku nyumba nzima, kwa kuwa mende akila dawa na buibui akamla mende, nimemuua mimi. Hapo mke wangu aliniuliza kama nilimuoa yeye au niliwaoa mende. Swali la haki kabisa. Nilimwambia tuvumiliane.

Lakini nani ataishi humo? Nilijiambia nisimkimbilie yule wa Kilambo kwa sababu tu ndiye niliyemwona kwanza. Nikaenda Nanyamba kwa mjomba wangu. Mjomba hakuniuliza sababu. Nadhani alifikiri ni mambo ya dawa za kienyeji, akawa na adabu ya kutoyataja. Alinizungusha shambani akichokoa matundu kwa bua la nyasi. Kwenye moja akatoka buibui wa kahawia, mdogo, akatuinulia miguu, akaipigapiga chini kwa ghadhabu, akarudi ndani. Nilimpenda, lakini alikuwa mdogo mno, nikahofia kumkosea chakula.

Tundu jingine lilikuwa chini ya mkorosho mkubwa. Mdomo wake ulikuwa umetandikwa uzi juu ya uzi, tabaka juu ya tabaka, mpaka umekuwa mgumu kama turubai. Mjomba akasema huyu wanakutana naye kila msimu. Tukalala kifudifudi, watu wazima wawili, tukamsubiri. Alipojitokeza nikaona amechakaa, mguu mmoja hana, na anatembea pale mlangoni taratibu kama bibi mwenye nyumba anayekagua ua wake. Nilikuwa na jembe dogo mkononi. Nilitazama ule uzi, nikawaza ni mvua ngapi zimemkuta humo. Nikalirudisha jembe kwenye pikipiki. Mjomba alinipa papai la kwenda nalo nyumbani.

Niliporudi Kilambo kumalizia lile friji nilikuta wafyatua tofali. Walikuwa wanachimba udongo wa ukingo ule ule, na shimo lao limelisogelea tundu kiasi kwamba mtu angenyoosha mguu angelifikia. Wakaniambia kesho watakuwa wamepita pale. Sikuwa na la kuchagua tena. Nikalisogeza bua mlangoni kama mjomba alivyofanya, na yule wa ndani akalikamata. Nilisikia nguvu zake vidoleni, mvuto wa kweli, kama wa samaki kwenye mshipi. Nikavuta pole pole, akaja nalo, amekasirika kweli kweli. Nikachomeka bisibisi kwenye tundu nyuma yake asirudi, nikamfunika na kopo la aiskrimu. Wafyatua tofali walikuwa wamesimama mbali kabisa, na mmoja wao alikuwa anasoma dua. Nikachota na udongo wake, kiroba kizima, nikaufunga nyuma ya pikipiki.

Haraka ile ndiyo iliyoniponza. Mfuniko haukuwa tayari. Nilikuwa nimeuagiza kwa fundi vioo mjini, kioo chenye matundu ya hewa, naye akasema kesho. Mimi ni fundi. Naijua kesho ya fundi. Nikaweka juu rafu ya waya ya friji, lakini nafasi zake zilipitisha kidole. Nikachukua chandarua kipya tulichopewa kliniki, maana sisi chandarua tunakifanyia kila kitu, tunafunikia vifaranga, tunazungushia mchicha. Nilikuwa nimeshaanza kukata, mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni hataki kuingia, akauliza, hicho si kina dawa?

Mkasi ulinigandia mkononi. Chandarua kile kinaua mbu, kinaua mende, kinaua chochote chenye miguu midogo kinachokigusa. Nilitaka kumsitiri, na ningemuua. Nikakisukuma chandarua mbali na kioo. Yeye akaenda, akarudi na kanga yake kuukuu, akanirushia kutoka pale pale mlangoni. Nikaitandaza chini ya waya, nikaifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, nikaona itatosha mpaka fundi vioo akumbuke ahadi yake.

Sikujua kama ningeweza kuieleza jioni ile alipoanza kuchimba, na bado sijui. Alikaa kwanza pembeni muda mrefu, anapapasa udongo, udongo wake mwenyewe wa Kilambo. Kisha akaanza. Anachota chembe, anazifunga kwa uzi ziwe donge, analibeba kwa meno mpaka pembeni, analishusha, analigusagusa kama anayehakikisha limekaa, anarudi kuchukua jingine. Nimefanya kazi na mafundi wengi. Sijawahi kumwona anayefanya kazi namna ile, bila kelele, bila kuharibu, bila kurudia alichokwisha kukifanya. Moyo ulinijaa. Mke wangu akasogea mlango hadi kiti, kiti hadi bega langu. Akasema kwa kunong'ona kwamba hana haraka huyu. Ugali ukapoa, hakuna aliyeuliza.

Ikapita wiki, ikapita nyingine. Fundi vioo aliendelea na kesho yake. Tundu ndani ya kioo likakamilika, likatandikwa uzi, na mimi nilikuwa natoka kazini mbio kama mtu aliyeoa jana.

Alasiri moja nikaingia ndani nikakuta kanga ina tundu. Haikuwa imechanika. Ilikuwa imekatwa uzi kwa uzi, duara safi, na juu yake nafasi ya waya ambayo nilidhani itapitisha kidole tu. Nikamtukana fundi vioo kwa sauti, halafu nikajitukana mwenyewe kwa sauti kubwa zaidi. Mke wangu alisikia, akaelewa, akakimbilia uani na kupanda juu ya benchi. Kuku walikuwa wamemzunguka miguuni. Niliwatazama wale kuku midomoni, mmoja mmoja.

"Mwambie mumeo," sauti ya mama mkwe ikatoka chumba cha mbele, haina haraka yoyote, "mtu wake yuko kwangu."

Nikamwomba mke wangu aende. Akatikisa kichwa. Akasema atafukarika na mimi, atazeeka na mimi, lakini mle haingii. Ile sauti ikarudia maneno yale yale. Hapo nikaona ukubwa wa balaa langu: buibui yuko kwenye chumba ambacho mimi peke yangu siruhusiwi kukiingia, na mjumbe wangu amekwea benchi.

Nikaenda mpaka kwenye pazia la mlango wake. Nikageuza uso ukutani. Jasho lilikuwa linanitoka kama niliyebeba kompresa begani.

"Mama," nikasema. "Yuko wapi?"

Niliwaza nimevunja kitu ambacho hakiungiki tena, na kwamba jioni ile nitafunga begi langu. Kisha akajibu, na hakumjibu binti yake.

"Ukutani, juu ya sanduku. Ameinua miguu, ananionyesha meno."

Nikamsihi arudi nyuma, asinyooshe mkono, asimrushie kitu. Akaniambia yuko juu ya mswala. Alipotoa salamu ya kuliani kumaliza sala ya Alasiri ndipo alipomwona, na tangu hapo hajasogea. Nikamwambia kuhusu bakuli na kipande cha boksi, namna ya kufunika na kutelezesha. Nilisikia pumzi zake tu, na kuku uani. Halafu akaanza kusema anachokiona, polepole, si kwangu wala kwa mtu: ana rangi ya jivu la mkaa, vinyweleo vyake vinang'aa, miguu ameishusha sasa, mmoja mmoja.

"Na hii pembe ni ya nini?"

Nikamwambia hata waliosoma bado wanabishana.

Akasema Subhanallah. Alilisema kama nilivyolisema mimi kule mtoni, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika, na mimi nikaegemea ukuta nikatamani kulia kwa furaha. Tangu Kilambo nilikuwa nalibeba lile jambo peke yangu. Watu walinicheka, mke alinivumilia, mjomba alinistahi. Huyu alikuwa ameliona.

Kisha akasema buibui ameshuka, ameingia kwenye ufa nyuma ya sanduku. Furaha ikaniisha pale pale. Nilijua kinachofuata, kiumbe akiingia kwenye ufa huwa tunajua dawa yake, ni maji ya moto au mafuta ya taa, na akitoka, kuku. Nikaanza kuongea harakaraka, kwamba nitamleta fundi ujenzi atoe jiwe taratibu, nitaziba upya, nitapaka chokaa chumba kizima. Akanikata kauli.

"Nani abomoe ukuta wangu? Mwache."

"Mama, yule ana sumu."

"Na mimi nina akili," alisema. "Chumba hiki hakijaingiwa na mgeni tangu baba yenu afariki. Aliyekuja kwa miguu yake simtoi kwa kuku."

Nilirudi nyuma nikakaa mbele ya nyumba yangu ya vioo. Udongo wa Kilambo, makumbi niliyoyaponda, kifuniko cha soda, vyote vipo, mwenyewe hayupo. Nilitafuta wa kumkasirikia sikumpata. Alikuwa hai, na nilishukuru. Lakini nilisikia wivu, wallahi, wivu wa kitoto kabisa, kwa sababu angeendelea kuishi humo humo ndani ya nyumba, na mimi nisingemwona tena.

Kesho yake alasiri, kabla sijavua viatu, nikasikia naitwa. "Fundi!" Hakusema mwambie mumeo. Nikasimama nje ya pazia, uso ukutani, na mama mkwe akaniambia ule ufa umeanza kuwekwa uzi. Nikamwambia kitanda akisogeze mbali na ukuta ule, kandambili azikung'ute kabla ya kuvaa, nyuma ya sanduku asipeleke mkono hata kama kimeanguka kidani cha dhahabu. Akasema kidani cha dhahabu hana. Siku iliyofuata akaniita tena. Tukawa na kazi hiyo. Aliniambia mlango umekamilika, mweupe, mviringo. Aliniambia mende wamekwisha chumbani, na kwamba kumbe wao ndio waliokuwa wakila sabuni yake. Aliweka maji kwenye kifuniko bila mimi kumwambia. Alisikia hatua zake, akadai, juu ya karatasi ya gazeti, na alinieleza sauti ile mpaka na mimi nikadhani nimeisikia. Nilikuwa nimesoma mengi kwenye simu, lakini yule mama alikuwa anamwona, na kila alichokiona alinipa.

Siku moja aliniita na sauti yake ilikuwa nyingine. Mlango ulikuwa umezibwa kwa uzi, wote, na hatoki, na panzi aliyewekewa hakuguswa. Aliniuliza kama amekufa. Nikamweleza kwamba huenda anajivua, anatoka kwenye ngozi yake ya zamani, na wakati huo mwili wake ni laini kama uji, hata panzi anaweza kumdhuru. Amtoe panzi, asubiri, asifagie upande ule. Akauliza kama wengine hufa katika kujivua. Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia wapo wanaokufa. Mke wangu alinisimulia kwamba baada ya sala mama yake alikuwa anakaa muda mrefu kuliko kawaida, amelielekea sanduku. Mimi kazini nilikuwa nafunga skrubu na kuzifungua tena.

Asubuhi moja, nimeshawasha pikipiki, nikaitwa. Nikaizima. Nikaenda kwenye pazia nikageukia ukuta kama kawaida, na pazia likasogea, ukatoka mkono wake umeshika kisosi.

Kisosini alikuwepo buibui mzima, hivyo ndivyo nilivyodhani, na moyo ulinilipuka. Kisha nikaona kwamba ni mtupu. Miguu yote ipo, mpaka kucha za ncha zake. Meno yapo, yamepinda, meusi, yanapitisha mwanga. Ngozi ya tumbo imejikunja kama kitambaa cha hariri. Na lile gamba la mgongo limefunguka upande mmoja kama mfuniko, na juu yake pembe, ndani ya pembe hamna kitu. Kiumbe alikuwa ametoa kila kidole na kila jino kutoka kwenye jino lake la zamani, gizani, peke yake, na hakupasua hata unywele. Sikuthubutu kupumua, ngozi isije ikapeperuka.

"Ameitupa nje ya mlango alfajiri," alisema mama mkwe. "Amekuwa mkubwa, ungemwona." Kisha akakisogeza kisosi karibu yangu. "Ngozi ni yako. Mwenyewe ni wangu."

Nikaipokea kwa mikono miwili.